Njozi Yenye Vipimo

Mwaka 1927, mwanafunzi wa miaka 25 aitwaye Ivan Leonidov alionyesha kazi yake ya kuhitimu katika chuo cha VKhUTEMAS, mjini Moscow. Alikuwa mtoto wa kijijini, kutoka mkoa wa Tver, na kabla ya kuingia chuoni aliwahi kuwa mwanagenzi wa mchoraji wa picha takatifu za kanisani. Mada yake ilikuwa Taasisi ya Lenin, makao ya vitabu na wakutubi, juu ya vilima vinavyoutazama mji. Watu walizoea kuona jumba zito la namna hiyo likiwa na nguzo mbele na vidato vipana vya kupokelea wakubwa. Leonidov alichora mnara mwembamba wa kuhifadhi vitabu milioni 15, na kando yake ukumbi wa watu 4,000 wenye umbo la tufe la kioo. Tufe hilo halikukalia ardhi. Lilibebwa na kitako cha vyuma chembamba chini, kinachopanuka kadiri kinavyopanda, na likazuiwa lisipinduke kwa nyaya zilizokazwa hadi chini. Vitabu vingemfikia msomaji kwa mikanda ya mashine, na reli iliyoinuliwa juu ya ardhi ingeiunganisha taasisi na mji.

Haikujengwa. Hata leo, kwa vyuma na vioo vya leo, mhandisi atakayepewa kazi ile atalala macho.

Jicho langu katika mchoro huo huvutwa na nyaya. Kijana aliyetaka tu kuwashangaza walimu wake angeliacha tufe lielee, maana karatasi hailalamiki: haina mzigo wa kubeba wala upepo wa kuogopa. Leonidov alichora nyaya, na pale zinapofungwa. Alikuwa anajibu swali ambalo fundi yeyote angemuuliza asubuhi ya kwanza kazini: hili dude likianza kuyumba, linashikwa na nini? Ndiyo sababu karibu miaka mia imepita na kazi ile bado inatazamika. Kijana ameota, na huku anaota anapima.

Mtu akisikia habari za tufe la kioo lililosimama kwenye ncha, haraka atasema hizo ni ndoto za Alinacha. Sina ugomvi naye, ila nataka tukumbuke kilichompata Alinacha mwenyewe. Alikaa na kapu lake la vioo mbele yake, akawaza biashara, faida, utajiri, mpaka akamwoa binti wa waziri. Na alipofika pale pa kumsukuma mke kwa mguu ili aonyeshe ubwana wake, akalipiga kapu teke na vioo vyote vikawa vigae. Kuwaza hakukumponza. Kilichomponza ni kutopima umbali kati ya mguu wake na kapu. Mwanafunzi wa usanifu majengo ana ruhusa ya kuwaza mpaka kwa binti wa waziri, mradi kila hatua aandike umbali kwa milimita.

Ruhusa hiyo ni ya miaka michache tu. Akishahitimu atakutana na mteja mwenye kiwanja cha mita 20 kwa 30 na mawazo ya shemeji yake. Atakutana na kibali cha manispaa, bei ya nondo, na fundi ambaye dirisha analiweka anapoona panafaa. Kwa muda wote huo uliobaki wa maisha yake ya kazi atakuwa anajibu maswali ya watu wengine. Kazi ya chuoni haina mteja. Swali analiuliza yeye. Je, maktaba inaweza kuwa kitu chepesi? Je, nyumba inaweza kumfuata mwenye nyumba anapohama? Hakuna mteja atakayelipia maswali kama hayo, na bila mtu wa kuyauliza tutaendelea kujenga kile kile tulichojenga jana, kwa vigae vipya.

Lakini swali zuri halitoshi, na hapa ndipo penye ufundi ninaousifia.

Wasiozoea michoro hudhani roho ya nyumba iko kwenye ramani, ile inayoonyesha vyumba kutoka juu. Ramani inatwambia nani analala wapi. Ukitaka kujua kama jengo limefikiriwa, omba mkato: jengo limepasuliwa kutoka juu hadi chini kama papai, nusu moja imeondolewa, na sisi tunachungulia nusu iliyobaki. Hapo hakuna pa kuficha kitu. Utaona kama aliyelala ghorofani atamsikia anayetwanga chini. Hewa ya moto ikipanda inatokea wapi. Mvua ikipiga paa inaishia kwenye bomba au kichwani kwa mlinzi. Jua la saa kumi linaingia mpaka kitandani au linakomea barazani. Kuta zilizokatwa huchorwa kwa mstari mnene mweusi, vilivyo nyuma yake kwa mstari mwembamba, na kitu kikizidi kuwa mbali mstari nao unazidi kukonda. Kwa unene wa mistari peke yake, bila tone la rangi, mchoraji stadi anakutembeza ukumbi mzima.

Enzi za kalka, ile karatasi angavu ya kuchorea, na wino, kila unene ulikuwa na kalamu yake: milimita 0.25, 0.35, 0.5, na kila kalamu ilikuwa na tabia ya kuziba usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha. Mstari uliokosewa haukufutwa kwa raba. Wino ulikwanguliwa kwa wembe, kwa mkono mwepesi, mpaka kalka ikabaki na vinyweleo. Kisha pale palipokwanguliwa pakasuguliwa kwa ukucha hadi pakalainika, ili wino mpya usisambae. Kazi ya dakika kumi kwa kosa la nusu sekunde. Mtu akijua kwamba kila mstari wa ovyo utamgharimu wembe, anafikiri kwanza.

Halafu kuna yule mtu mdogo. Kwa skeli ya moja kwa 200, mtu wa mita 1.7 ana urefu wa milimita 8.5. Mchoraji humweka mlangoni, au kwenye ngazi, na yeye ndiye anayelihukumu jengo lote. Bila yeye hatujui kama tunatazama hekalu au kibanda cha kuku. Na ngazi anayoipanda ina adabu yake: kidato cha sentimita 17 hakifiki milimita moja kwenye karatasi, na bado lazima kichorwe, tena kihesabiwe. Sakafu mbili zikitengana kwa mita 3.06, vidato ni 18. Jengo la ajabu kuliko yote duniani likikosa vidato vyake 18, hakuna atakayefika huko juu kushangaa. Ndiyo maana watahini wenye busara, mwanafunzi akishamaliza kueleza falsafa yake kwa robo saa, huuliza swali fupi tu: ngazi iko wapi?

Jambo hili lina wazee wake. Mfaransa Étienne-Louis Boullée, mwaka 1784, alichora kaburi la heshima la Isaac Newton: tufe la mita zipatazo 150, limezungushiwa miti, na watu chini yake wadogo kuliko punje. Naye alikimbilia mkato, tena miwili. Katika mmoja nje ni mchana na ndani ni usiku, kwa kuwa ganda la tufe limetobolewa vitundu na mwanga unaopenya unakuwa nyota. Katika mwingine nje ni usiku na ndani inawaka taa kubwa iliyoning'inizwa katikati. Ungelitazama kutoka nje tu, lingekuwa mpira. Wazo zima liko ndani ya mkato.

Nirudi Moscow. Mwaka 1928, katika chuo kile kile cha Leonidov, ambacho sasa kiliitwa VKhUTEIN, mwanafunzi Georgy Krutikov alileta jiji lirukalo. Ardhi ingebaki kwa kazi na mapumziko; makazi yangekuwa juu, angani; na kati ya huko na huku mtu angesafiri ndani ya kijumba kidogo chenye uwezo wa kwenda hewani, barabarani na majini. Ukilisikia hivi hivi ni hadithi ya watoto. Lakini Krutikov hakuleta picha moja ya majumba mawinguni. Alileta mabango ya utafiti: jinsi vyombo vya usafiri vilivyobadilika, jinsi mwanadamu alivyowahi kuishi katika vitu vinavyotembea, jinsi ardhi inavyoliwa na miji. Kisha akashuka mpaka kwenye kile kijumba: mtu anakaaje humo, na kijumba kinatiaje nanga kwenye nyumba. Jiji lenyewe siliamini. Nanga ile naiamini kabisa.

Miaka saba baadaye Krutikov na mwenzake Popov walikuwa wamejenga kituo cha Park Kultury kwenye njia ya kwanza ya treni ya chini ya ardhi ya Moscow, iliyofunguliwa mwaka 1935. Aliyetaka kutuhamishia angani, jengo lake watu wanalipita kila siku chini ya udongo. Leonidov bahati yake ilikuwa mbaya zaidi. Mwaka 1930 jina lake liligeuzwa tusi, likawa ugonjwa wa kuonywa vijana, na chuo chenyewe kikafungwa mwaka huo huo. Aliendelea kuchora mpaka alipofariki mwaka 1959, na kitu cha kudumu kilichojengwa kwa mkono wake ni kimoja: ngazi za kwenye mteremko wa bustani ya hospitali ya mapumziko huko Kislovodsk, mwishoni mwa miaka ya 1930. Ngazi! Mtu aliyesimamisha tufe kwenye ncha, dunia ilimruhusu ajenge vidato tu.

Ila michoro ina njia zake za kutembea. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 msanifu Mholanzi Rem Koolhaas, akiwa bado si mtu wa kutajwa, alishirikiana na Gerrit Oorthuys kuzichimbua kazi za Leonidov. Baadaye, akifundisha pamoja na Elia Zenghelis katika chuo cha usanifu cha Architectural Association, London, wanafunzi wao walipewa zoezi lenye harufu ya Moscow: chukua umbo mojawapo la mchoraji Kazimir Malevich, yale ya plasta nyeupe yasiyo na mlango wala dirisha wala kazi yoyote, ulipatie mahali na matumizi. Miongoni mwao alikuwapo binti wa Baghdad, Zaha Hadid. Mwaka 1976 hadi 1977 alililaza umbo lake juu ya daraja la Hungerford, mto Thames, likawa hoteli ya tabaka 14. Kilichokuwa sanamu ya mezani kikalazimika kuwa na vyumba, na njia ya kuingilia, na upande wa mto na upande wa treni.

Kwa miaka mingi watu walimwita msanifu wa karatasi, na hawakumaanisha sifa. Mwaka 1983 alishinda shindano la klabu ya mlimani Hong Kong, haikujengwa. Mwaka 1994 akashinda la jumba la opera la Cardiff, halikujengwa. Kati ya hayo mawili, mwaka 1993, kituo cha zimamoto cha kiwanda cha Vitra huko Weil am Rhein, Ujerumani, kilisimama, kwa pembe zake kali zile zile zilizokuwa zikichekwa kwenye karatasi. Mwaka 2004 alipewa tuzo ya usanifu majengo ya Pritzker. Tukio hilo hupendwa na wenye kusimulia habari za subira, mimi linanivutia kwa sababu nyingine: picha zake za rangi zilikuwa chombo cha kazi. Alikuwa anapinda mtazamo ili alione jengo kutoka pande tatu kwa wakati mmoja, jambo ambalo ramani haikumpa na mkato haukumpa. Nakiri kwamba katika baadhi ya picha zile ngazi siioni, na hapo mapenzi yangu hupungua.

Wapo pia waliofelishwa. Michael Webb, aliyekuja kuwa mmoja wa kundi la wasanifu la Archigram, alileta chuoni kwake London kazi ya kuhitimu ya jumba la starehe pale Leicester Square, ambamo magari yalipanda kwa njia za kuzunguka mpaka ndani ya burudani yenyewe. Watahini waliikataa, na si mara moja. Stashahada aliipata mwaka 1972, wakati ambapo kazi ile ile iliyokataliwa ilishachapishwa na kuzungumzwa huku na huko. Sitaki kuwacheka watahini wale. Webb mwenyewe aliendelea kuuchora upya mradi ule kwa miongo kadhaa, kwa maana hiyo hata yeye aliona haujakamilika.

Mchoro ninaorudia kuutazama kuliko yote, hata hivyo, ni wa Warusi wawili waliokuja nyuma sana, Alexander Brodsky na Ilya Utkin. Walihitimu chuo cha usanifu majengo cha Moscow mwaka 1978, wakati kazi ya msanifu ilikuwa kupanga vipande vya zege vilivyofyatuliwa kiwandani. Wakaanza kupeleka michoro kwenye mashindano ya mawazo huko Japani, na wakashinda. Walichora kwenye sahani za chuma kisha wakachapa kwa wino, kwa mistari midogo iliyosongamana mpaka karatasi ikawa na giza lenye tabaka. Katika mmoja wa michoro yao ya miaka ya 1980 kuna sanduku kubwa mno la zege katikati ya mji. Ndani yake mna rafu tu, na juu ya kila rafu imewekwa nyumba nzima: nyumba za zamani zilizotakiwa kubomolewa kupisha mji mpya. Masharti ni haya. Nyumba itasalimika maadamu wenyewe wanaendelea kukaa humo, rafuni. Siku familia ikichoka, nyumba inavunjwa na rafu inapewa nyumba nyingine. Katikati ya ukumbi linaning'inia lile gololi la kubomolea, likisubiri.

Mawazo yangu hapo hayaendi Moscow, yanakwenda Kariakoo. Nyumba ya Kiswahili wasomaji wengi wa Dar es Salaam wanaijua kwa miguu yao: baraza mbele, mlango katikati, ukumbi unaopasua nyumba, vyumba vitatu huku na vitatu kule, halafu uani, penye jiko, choo, kamba za kuanikia na mazungumzo yote ya maana. Mitaa iliyojaa nyumba hizo leo imejaa maghorofa, maduka chini na vyumba vya kupanga juu. Sioni haja ya kuzililia. Choo cha shimo hakina cha kutamaniwa. Ila uani ulikuwa unafanya kazi ambayo ghorofa haikuirithi, na hili ndilo hasa swali la kazi ya kuhitimu: je, uani unaweza kupandishwa mpaka ghorofa ya nane?

Kulisema ni rahisi. Ukilichora ndipo linapoanza kukusumbua. Uani bila anga ni korido, kwa hiyo kila baada ya sakafu tatu itabidi utoboe jengo, uache uwazi wa kimo cha sakafu mbili, mita sita hivi, upande mmoja wazi kabisa. Sasa mkato unaanza kuuliza. Moshi wa mkaa wa uani wa chini unaingia wapi kama si kwenye vyumba vya juu yake? Mvua ya masika inayokuja kwa ubavu, inayosukumwa na upepo wa bahari, inalowesha sakafu mpaka wapi? Mtoto wa miaka minne anazuiwa na ukingo wa sentimita ngapi, na ukingo huo bado unampitishia upepo mama aliyekaa kwenye mkeka? Ukishayajibu hayo yote kwa mistari, uani wako haufanani tena na ule wa zamani, na haufanani na kibaraza cha ghorofa yoyote iliyopo. Umepata chumba kipya. Hata kisipojengwa kamwe, mwanafunzi huyo hatachora tena kibaraza cha sentimita 90 bila kuona haya.

Na mvua hiyo hiyo ilishawahi kufikiriwa vizuri, hatua chache tu kutoka hapo. Soko la Kariakoo la Beda Amuli, lililokamilika mwaka 1975, limefunikwa kwa miavuli mikubwa ya zege iliyogeuzwa, mdomo juu, inayokusanya maji ya paa. Chora mkato wa soko lile, utaona kwamba paa, nguzo na mfereji ni kitu kimoja.

Kazi ya kuhitimu haihitaji kuruka ndipo iitwe ya ubunifu. Francis Kéré alikuwa bado mwanafunzi wa chuo kikuu cha ufundi cha Berlin alipochora shule ya msingi ya kijiji chake, Gando, nchini Burkina Faso. Swali lake linajulikana na kila aliyesoma chini ya bati saa nane mchana, awe Dodoma au Garissa: kwa nini darasa liwe tanuri? Tazama mkato wake. Kuta ni za tofali za udongo uliochanganywa na saruji kidogo. Juu ya kuta kuna dari la tofali hizo hizo, lenye mianya. Bati halikulala juu ya dari. Limeinuliwa, likabebwa na kenchi nyepesi, na kati ya dari na bati kuna nafasi kubwa ambamo upepo unapita moja kwa moja. Jua linalichoma bati, joto linachukuliwa na upepo kabla halijafika darini, na hewa ya moto ya darasani inapanda kupitia mianya ikaondoke na upepo huo. Bati lile lile tulilolilaani utoto wetu wote, limeinuliwa tu.

Kenchi zenyewe ni nondo za kawaida zilizochomelewa pamoja, kwa sababu kijijini hakuna kreni ya kuinua chuma kizito. Watu wa pale walifundishwa kutumia msumeno na mashine ndogo ya kuchomelea, wakazitengeneza wao. Jambo hilo nalo limo ndani ya mchoro: unene wa kila kipande ulichaguliwa ukijua ni mikono ya nani itakayokibeba. Shule ilikamilika mwaka 2001. Kéré alihitimu mwaka 2004, mwaka ambao shule hiyo ilipata tuzo ya usanifu ya Aga Khan, na mwaka 2022 akapewa Pritzker. Kati ya tufe la Leonidov na bati la Gando mimi sioni uadui wowote. Mmoja aliuliza maktaba ishikwe na nini isianguke. Mwingine aliuliza bati lishikwe na nini lisitukaange.

Siku hizi kuna mchoro wa aina nyingine uliotapakaa, na wote tumeuona kwenye mabango ya viwanja vilivyozungushiwa mabati, Nairobi na Dar es Salaam: jumba la vioo, machweo ya dhahabu, nyasi za kijani ambazo hakuna mtunza bustani wa kuzimwagilia, na kwenye lami isiyo na vumbi wanatembea Wazungu watatu wenye mbwa. Programu ya kompyuta imekuja na miti yake, watu wake na jua lake. Tatizo si kompyuta. Kompyuta inakata mkato kwa sekunde moja, mahali popote, na haina kalamu ya kuziba. Ila kwa kuwa inaukata kwa sekunde moja, wengi hawautazami tena. Wanaubandika kwenye kona ya chini ya bango, mdogo, kwa kuwa mtahini atauulizia. Nafasi kubwa wanaipa ile picha ya machweo. Mwanafunzi akiniuliza, nitamshauri apindue bango: mkato uchukue mita nzima ya karatasi, ujazwe watu, sufuria, mabomba, popo wa darini kama wapo, na machweo yakae kwenye kona.

Wapo wanaofanya hivyo. Mtu akipita kwenye studio za Chuo Kikuu Ardhi, au za Nairobi, wiki za mwisho wa mwaka, atakuta vijana wasiolala, gundi vidoleni, modeli za kadibodi juu ya meza, na katikati ya kazi nyingi za kupitisha siku atakuta moja au mbili zilizouliza kitu: soko la samaki linalopanda na kushuka na maji ya bahari kujaa na kupwa, kituo cha daladala ambacho paa lake ni shamba. Nyingine zitakuwa na kasoro chungu nzima. Si hoja. Kasoro unaiona kwa sababu imechorwa.

Kinachoniudhi ni yanayofuata. Tasnifu ya maneno inajalidiwa, inapewa namba, inawekwa maktabani. Bango la mita moja halina rafu. Linakunjwa, linapelekwa nyumbani kwa wazazi, linapata panya. Au linabaki stoo mpaka anapokuja mtu anayehitaji nafasi. Jengo la Leonidov tunalijua leo kwa sababu mwaka ule ule wa 1927 jarida la wasanifu wa Moscow lilichapisha picha za modeli na michoro yake, na nakala zikasambaa kupita uwezo wa watu waliotaka kumnyamazisha. Droo pana za chuma za kulazia karatasi za A1 bado zipo kwenye ofisi za ramani za halmashauri nyingi, na nyingine hazitumiki tangu kazi zihamie kwenye kompyuta. Chuo kikiziomba, kikaweka ndani yake kila mwaka mikato kumi iliyo bora, na orodha mlangoni ya nani aliuliza nini, mwanafunzi wa mwaka wa tano anayetaka kupandisha uani hatalazimika kuanza na Moscow.